Jisu Zito Si Lazima Liwe Imara

Mazungumzo yetu leo ni ya chuma. Nataka tuyatazame majisu ya kazi nzito: panga, sime, na yale majisu manene ya porini ambayo hayakunjwi wala hayaingii mfukoni, chuma kimoja kilichonyooka mpaka ndani ya mpini. Ni zana za mkulima na mfugaji, za askari wa wanyamapori, za mkata miwa, na za yeyote anayelala porini akitegemea kuni alizozikata mwenyewe.

Kaa pembeni mwa duka la zana uwatazame wanunuzi. Mtu analichukua jisu, analipandisha na kulishusha kiganjani, na likiwa zito anaridhika. Muuzaji naye anajua hivyo, atamwambia, "Shika hili, sikia uzito wake, hili halivunjiki." Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu uzito na kutovunjika vimeunganishwa na muuzaji, chuma chenyewe hakijaviunganisha. Lipo jisu la kilo nzima linalokatika mara ya kwanza likibanwa na kigogo, na lipo la gramu 400 ambalo baba amemwachia mwana na mwana anamwachia mjukuu. Mizani haitakuonyesha tofauti yao. Tofauti imo katika wapi chuma kimewekwa, wapi kimepunguzwa, na kimepita kwenye moto wa namna gani.

Nianze na hesabu kidogo. Chukua bamba la chuma, libane upande mmoja, kisha usukume upande wa pili mpaka lipinde. Sasa chukua bamba jingine lenye urefu uleule na upana uleule, ila unene wake ni mara 2 ya la kwanza. Uzito umeongezeka mara 2. Nguvu ya kulikunja lisirudi tena, au kulivunja kabisa, imeongezeka mara 4. Na ukakamavu wake, yaani kule kukataa kupinda hata kidogo, umeongezeka mara 8.

Najua kuna anayesema sasa hivi, basi muuzaji yuko sawa, tuongeze unene tu na mambo yaishe. Kama jisu lingenunuliwa kwa kazi ya kupindwa, ningekubali. Lakini linanunuliwa likate. Bapa la milimita 8 likiingia kwenye mti linageuka kabari: linaisukuma mbao pembeni badala ya kuikata, linakwama, na nguvu unayotumia kulichomoa ni kubwa kuliko ile uliyopigia. Isitoshe, kila gramu uliyoiongeza utainyanyua wewe mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, na jisu halikusaidii kujibeba.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake anajiuliza: ile nguvu ya mara 4 nitaipataje pale inapohitajika, bila kubeba uzito wa mara 2 kila mahali?

Sikiliza basi namna mzigo unavyotembea ndani ya jisu. Tuseme mpini umeshikwa imara, na kitu kinaisukuma ncha kwa ubavu. Mahali panapoumia zaidi ni pale bapa linapokutana na mpini. Ukienda katikati ya bapa, mzigo ni nusu tu. Ukikaribia ncha, mzigo ni mdogo sana. Na kwa kuwa nguvu ya chuma hukua haraka kuliko unene wake, pale katikati panapobeba nusu ya mzigo panahitaji kama asilimia 70 tu ya unene wa penye mpini. Jisu lenye milimita 6 penye mpini linatosheka na milimita 4 na kidogo katikati, halafu linaendelea kupungua kuelekea ncha. Chuma chochote kilichozidi hapo ni abiria.

Tuone abiria huyo ana uzito gani. Chuma cha pua kina uzito wa karibu gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Bapa la urefu wa sentimita 25, upana sentimita 4.5 na unene wa milimita 6 kutoka mwanzo hadi mwisho, kabla halijatolewa makali, lina karibu gramu 530. Bapa hilohilo ukilifanya lianze na milimita 6 penye mpini na lipungue pole pole mpaka milimita 3 penye ncha, linashuka mpaka karibu gramu 400. Robo nzima ya uzito imeondoka, na pale panapobeba mzigo mkubwa hapajaguswa.

Na uzito ulioondoka ni ule wa mbali, ambao ndio msumbufu zaidi. Gramu 50 zilizo sentimita 30 kutoka kifundo cha mkono ni ngumu kuziyumbisha mara 9 kuliko gramu hizohizo zikiwa sentimita 10. Ndiyo maana majisu mawili yenye uzito sawa kwenye mizani yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi. Unapokwenda dukani, kabla ya kulipima jisu kwa kiganja, ligeuze mgongo juu, ulitazame kama anayetazama ubao kuona umenyooka. Ukiona mgongo una unene mmoja kutoka mpini hadi ncha, jua limekatwa kwenye bamba na hakuna aliyelifikiria zaidi ya hapo.

Msikilizaji, kama kuna watu waliolifikiria jambo hili kwa kina, ni wahunzi wa Nepal. Jisu lao linaitwa khukuri, lile lililopinda mbele kama linataka kuinamia kazi. Askari wa Kigurkha wamelibeba katika jeshi la Waingereza tangu Kampuni ya Mashariki ya India ilipoanza kuwaandikisha mwaka 1815. Hata huku kwetu limefika: Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga na majeshi ya Kijerumani chini ya Lettow-Vorbeck yakawarudisha baharini, kati ya walioteremka ufukweni walikuwemo Wagurkha wa vikosi vya Kashmir. Lakini huko Nepal khukuri kwanza ni zana ya nyumbani. Linakata kuni, linachinja mbuzi, linasafisha shamba.

Lishike kwa mawazo tulitazame. Mgongo wake karibu na mpini ni mnene sana, milimita 8, mara nyingine hata 10. Ukisikia kipimo hicho peke yake utasema hili ni mzigo. Sasa tazama ubavuni. Kwenye aina moja wanayoiita Ang Khola, chini kidogo ya mgongo chuma kimebonyezwa ndani kwa nyundo pande zote mbili, kikabaki bonde refu linalofuata mpindo wa jisu. Juu ya bonde ule mgongo mnene umebaki kamili. Chini yake bapa linaendelea mpaka kwenye makali. Ipo aina nyingine, Chirra, ambayo ubavu wake una mifereji kadhaa inayofuatana. Kazi ni ileile. Unapopiga kwa makali, mzigo unabebwa zaidi na mgongo kwa juu na makali kwa chini, huku chuma cha katikati ya ubavu kikichangia kidogo. Mhunzi amekiondoa hicho kinachochangia kidogo, akakiacha kinachobeba.

Niseme hapa, kwa kuwa naisikia mara kwa mara, kwamba ule mfereji wa ubavuni kwenye majisu na singe haukuwekwa ili damu ipite. Umewekwa kupunguza uzito huku bapa likibaki kakamavu.

Kuna kitu kingine cha khukuri. Chuma chake kimepanuka mbele, kwenye tumbo la jisu, kwa hiyo uzito umesogezwa kuelekea pale panapopiga. Nimetoka kusema kwamba uzito wa mbali unasumbua, na sasa nasifu uzito wa mbali. Haya hayapingani. Mhunzi ameondoa uzito kila mahali ambapo haukuwa na kazi, ndipo akapata ruhusa ya kuutumia mahali pamoja penye kazi. Khukuri la kawaida lina kati ya nusu kilo na gramu 900, na mtu mwembamba wa milimani analipiga kutwa nzima, kwa sababu linapoinuliwa ni jepesi kuliko lionekanavyo na linaposhuka linakuja na nguvu zake lenyewe.

Halafu kuna moto. Wengi wa wahunzi hao hutumia springi za malori, chuma kilekile ambacho wahunzi wetu wa Afrika Mashariki wanakipenda, kwa sababu kimetengenezwa kupinda na kurudi maelfu ya mara. Bapa likishafuliwa na kupigwa tupa, linarudishwa motoni mpaka liwe jekundu. Kisha mhunzi analigeuza makali juu, anachukua birika la maji, na kumimina ujia mwembamba kwenye makali peke yake, akienda mbele na kurudi. Makali yanapoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo unabaki na moto wake, na moto huo unatambaa kurudi kwenye makali na kuyalainisha kiasi, mpaka mhunzi aone rangi anayoitaka ndipo amimine tena kuusimamisha. Tumbo la jisu linakuwa gumu kuliko sehemu zote. Ncha na sehemu ya karibu na mpini zinaachwa laini zaidi. Kwa birika moja la maji amepata jisu ambalo makali yake yanashika na mgongo wake hauvunjiki, na hajaongeza hata gramu moja.

Hiyo ndiyo nguvu ninayoitaka leo uijue, msikilizaji: nguvu isiyo na uzito. Muuzaji hawezi kukuonyesha kwa kiganja, na ndiyo inayoamua.

Tukae kidogo hapo kwenye matiko, yaani kule kukikaza chuma kwa moto. Chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha, tuseme asilimia 0.6, ukikipasha mpaka sumaku isikishike tena, ukazidisha moto kidogo, kisha ukakitumbukiza ghafla kwenye mafuta, kinakuwa kigumu kama kioo. Kiangushe sakafuni na kinaweza kupasuka. Kwa hiyo kinasuguliwa king'ae, kinapashwa tena taratibu, na rangi zinaanza kupita juu yake: kwanza njano ya majani makavu kwenye joto la kama nyuzi 220 au 230 za Selsiasi, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu karibu na nyuzi 300. Kila rangi inapopita, ugumu unapungua na ustahimilivu unaongezeka. Mhunzi wa kisu kidogo cha nyama anasimama kwenye njano. Wa jisu la kupiga miti anaiacha rangi isogee mbele. Kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell, kisu kizuri cha jikoni hufika 60, jisu nene la porini hukaa kati ya 54 na 58, na panga la shambani mara nyingi liko chini zaidi, 45 hadi 50, ili likigonga jiwe likunjike makali badala ya kumeguka, na mwenye shamba aweze kulinoa kwa tupa pale pale.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawaliamini mpaka walijaribu. Matiko hayabadilishi ukakamavu. Mabapa mawili ya umbo moja, moja gumu na moja laini, yakisukumwa kidogo yanapinda sawasawa. Tofauti inaonekana ukiendelea kusukuma: laini linabaki limepinda, lililopata matiko mazuri linarudi kunyooka, lililozidishwa ugumu linakatika. Kwa hiyo panga likiyumbayumba ukilitikisa, hilo peke yake si dalili ya chuma kibaya. Wembamba wake ndio uliolifanya liyumbe. Likunje kidogo ulitazame kama linarudi. Hapo ndipo utayajua matiko yake.

Kwa nini basi panga letu, lenye unene wa milimita 2 tu, linaangusha miti? Wazee wanaoyakumbuka mapanga ya kiwanda cha zana za kilimo cha UFI pale Ubungo, Dar es Salaam, wanajua kwamba hayakuwa manene, na yalifyeka mashamba. Siri yake iko kwenye mwelekeo wa pigo. Panga la upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 2, likipigwa kwa makali, lina nguvu mara 30 kuliko likipindwa kwa ubavu. Mti unaupiga kwa ule upana wa sentimita 6. Mapanga mengi hayavunjwi na kukata. Yanavunjwa na kubetua: mtu ameligongomea panga kwenye ufa wa kuni, limebana, analisukuma kushoto na kulia ili kuni ifunguke. Ameacha nguvu ya mara 30 akachagua ile ya mara 1.

Jisu nene la porini limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayejua kwamba atabetua. Mwanajeshi, mwongoza watalii, mtu wa uokoaji. Mwaka 1942 kikosi cha Marines cha Marekani kilipokea jisu ambalo wengi sasa wanaliita KA-BAR. Bapa lake lina karibu sentimita 18, unene wake unazidi milimita 4 kidogo tu, ubavuni lina mfereji, mpini wake umejengwa kwa duara za ngozi zilizopangwa na kubanwa, na zima lina uzito wa karibu gramu 300. Askari walifungulia makopo na masanduku kwa jisu hilo, wakachimbia mashimo, wakakatia kuni. Leo ukiingia kwenye duka la vifaa vya kambi utakuta majisu ya milimita 6 na 7, yenye uzito zaidi ya nusu kilo, yakiuzwa kwa watu watakaofungulia pakiti za biskuti.

Sasa tuingie mahali ambapo majisu mengi hufia, napo pamefichwa. Ni kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ukiokota jisu lililokatika, mara nyingi utaona limekatika palepale bapa linapogeuka kuwa msuka, na ukitazama mpasuko utaona kona. Fundi alichukua tupa bapa akakata mabega mawili ya mraba, yaliyonyooka vizuri, yenye kupendeza macho. Chuma hakipendi kona kali ya ndani. Mzigo unaopita kwenye chuma unakusanyika hapo, na kila pigo linafungua ufa kidogo zaidi, ufa usioonekana, mpaka siku moja bapa linaruka. Na likiruka haliangalii mwenye jisu wala mtoto anayepita nyuma yake. Ndiyo maana nalisema hili kwa uchungu: ni hatari inayoondolewa kwa dakika chache za tupa ya mviringo. Kona ikizungushwa, hata kwa upinde mdogo wa milimita 2 au 3, mzigo unapita bila kukusanyika sana. Lile jisu la Marines nililolitaja lina msuka mwembamba, halina chuma cha upana wa mpini mzima, na bado limefanya kazi kwa miongo mingi.

Watu wengi wanasema jisu imara ni lile ambalo chuma chake kinaonekana pande zote za mpini, na ribiti tatu zimepita. Ni muundo mzuri, nami naupenda, hasa kwa sababu unaweza kuubadilisha mpini mwenyewe. Lakini chuma cha ndani ya mpini nacho kina uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo ni abiria pia. Mafundi makini hutoboa matundu makubwa katikati ya msuka na kuacha kingo zake. Tundu libaki mbali na pale mpini unapoanza, na kingo zake zisuguliwe, maana tundu lenye mikwaruzo ni kona nyingine iliyojificha.

Mpini wenyewe usiudharau. Hapa kwetu tuna miti ya kila uzito. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Mpini wa mpingo unaweza kuwa na uzito mara mbili ya mpini wa mninga wa ukubwa uleule. Kwa jisu ambalo bapa lake ni zito mbele, mpingo unarudisha uzito mkononi na jisu linatulia. Kwa panga jepesi la kufyekea, mpingo unaliharibu: unalifanya libaki nyuma mkononi, lisitake kwenda. Mninga, au hata mti mwepesi zaidi, unatosha. Na mwisho wa mpini uwe na uvimbe, ili vidole viushike bila kubana. Anayebana mpini kwa hofu ya kuponyokwa anachoka haraka kuliko anayebeba gramu 100 za ziada.

Nazo gramu 100 si chache. Tuseme mkata miwa anapiga mapigo 2,000 kwa siku moja. Gramu 100 zilizozidi, zikiinuliwa mara 2,000, ni kilo 200. Hiyo ni magunia mawili ambayo mtu huyo ameyanyanyua bila kuyapeleka popote wala kulipwa. Panga la miwa ni pana na jembamba kwa sababu hiyo. Muwa ni laini na una maji, unataka mwendo wa kasi na makali, hauhitaji uzito. Kisu cha mkonge nacho kimefuata njia hiyohiyo. Anayewanunulia vibarua mapanga manene kwa kudhani yatadumu, angehesabu bega la mtu pamoja na bei ya chuma.

Kuna jisu la kwetu ambalo sitaki nimalize bila kulitaja. Ni sime ya Wamaasai. Litazame kutoka mpini: linaanza jembamba, linakwenda likipanuka, upana wake mkubwa uko karibu na ncha, na katikati ya bapa, kutoka juu mpaka chini, umepita mgongo ulioinuka pande zote mbili. Makali yako pande mbili. Jisu la makali mawili haliwezi kuwa na mgongo mnene upande mmoja kama khukuri, kwa hiyo wahunzi wa Kimaasai waliuweka unene katikati na kuuacha uteremke kwa mteremko mwembamba kulia na kushoto. Unene uko kwenye mstari mmoja tu, sehemu nyingine zote ni nyembamba na nyepesi, na jisu halipindi ovyo. Mpini ni mdogo, umefunikwa kwa ngozi, hauna uzito wa kuvuta nyuma. Nguvu yote iko kule mbele kwenye upana. Hao wahunzi hawakuwa na kitabu cha hesabu za mara 4 na mara 8. Walikuwa na nyundo, fuawe, mvukuto, na vijana waliorudi kuwaambia sime gani imevunjika na imevunjikia wapi.

Wapo wanaoniuliza kuhusu metali nyepesi, titani na alumini. Alumini haishiki makali, iache. Titani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma cha pua, na wapiga mbizi wanaipenda kwa kuwa haishiki kutu, lakini kwa makali ya kupigia mti chuma cha pua bado kiko mbele, tena kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Chuma kisichoshika kutu nacho ni kizuri kwa anayefanya kazi baharini au kwenye samaki. Kwa jisu refu la kupiga, chuma cha kaboni cha springi kinavumilia zaidi, mradi ulifute na kulipaka mafuta baada ya kazi.

Sasa, ndugu yangu unayetaka jisu moja la kufanya karibu kila kitu porini, ningekushauri hivi. Bapa la sentimita 22 hadi 25. Unene wa milimita 5 penye mpini, upungue mpaka 3 au chini ya hapo kabla ya ncha. Ubavu uteremke kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, usiwe bamba nene lililonolewa pembeni tu. Zima lisizidi gramu 450 pamoja na mpini. Ukilipiga kwenye gogo, tafuta sehemu ya bapa ambayo ukipigia nayo kiganja hakisikii mtikisiko wowote. Iwe karibu na pale unapokatia mara nyingi. Kama sehemu hiyo iko nyuma sana, mkono utauma hata kama jisu ni jepesi. Na kama shughuli yako ni kufyeka, liache hilo, nunua panga la milimita 2 na tupa nzuri.

Ukienda kwa mhunzi kuagiza, usimwambie "nitengenezee zito". Mwambie kazi utakayoifanya, mti unaoukata, na urefu wa mkono wako. Muulize atatumia chuma gani, na kama ni springi, ni ya gari lililotembea kiasi gani, maana springi iliyochoka huwa na nyufa ndogo ambazo moto hauzifuti. Muombe akuonyeshe bapa kabla halijavaa mpini, utazame penye msuka. Ukikuta kona mbili za mraba, mwombe azizungushe hapo hapo, kabla ya kutia matiko; baada ya matiko chuma kinakuwa kigumu zaidi na kazi hiyo ya tupa inakuwa ngumu.